Barua kwa mwanangu: ukitaka kuchukua Historia

Nairobi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Umeniuliza kama uchukue Historia kwenye A-Level, na kama ni kweli asemavyo mjomba wako kwamba somo lenyewe ni kukariri tarehe. Ichukue, lakini si kwa sababu unapenda habari za kale. Ichukue kama uko tayari kuandika insha kila wiki na kurudishiwa imejaa wino mwekundu. Tarehe utazijua tu. Hakuna mtahini anayezipa alama zikikaa peke yake.

Silabasi ya Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, ina karatasi nne za mtihani, mbili za AS (nusu ya kwanza ya A-Level) na mbili za kukamilisha A-Level. Ya kwanza ni ya hati: saa moja na robo, alama 40. Swali la kwanza lina alama 15, na hapo unalinganisha hati mbili. La pili lina alama 25, na hapo unazipima hati zote za karatasi hiyo dhidi ya kauli uliyopewa. Gawa muda hivi: dakika 10 kusoma, 25 kwa swali la kwanza, 40 kwa la pili. Wengi huanguka hapa kwa kumaliza nusu saa na zaidi kwenye zile alama 15.

Chukua mfano wa Uhabeshi, yaani Ethiopia. Tarehe 11 Septemba 1935, Samuel Hoare, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisimama Geneva akaahidi kwamba nchi yake itaunga mkono Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, dhidi ya uchokozi. Italia ikavamia tarehe 3 Oktoba. Desemba, Hoare huyohuyo akakaa na Laval, waziri mkuu wa Ufaransa, wakapanga kisirisiri kumkatia Mussolini, dikteta wa Italia, sehemu kubwa ya nchi ya watu. Magazeti ya Paris yakauanika mpango huo, naye Hoare akajiuzulu.

Sasa tuseme umewekewa hotuba ile na mpango ule. Mwanafunzi mvivu ataandika "Hati A inasema hivi, Hati B inasema vile", kisha aongeze kwamba B haiaminiki kwa kuwa imetoka kwa Mwingereza. Lakini Hoare ana mkono katika zote mbili! Anayepata alama huuliza kila moja ililenga masikio ya nani. Hotuba ilitolewa hadharani, uchaguzi wa Uingereza ukiwa njiani (ulifanyika tarehe 14 Novemba), na wapiga kura wengi walilipenda Shirikisho. Mpango ulipikwa faraghani, kura zikiwa zimekwisha kuhesabiwa, na London ikiogopa kumsukuma Mussolini mikononi mwa Hitler. Ukifika hapo umeeleza kwa nini zinatofautiana, na ndicho unachoulizwa.

Karatasi ya pili ni insha: saa moja na dakika 45, alama 60, maswali mawili, kila moja lina sehemu ya alama 10 na ya alama 20. Ukiulizwa kwa nini vikwazo vya Shirikisho havikuizuia Italia, usianze na uvamizi ukashuka hadi Addis Ababa kuanguka Mei 1936. Hiyo ni simulizi, na simulizi ndiyo inayowaangusha hata wanaojua mambo mengi. Anza na sababu: mafuta hayakuwekwa kwenye vikwazo. Halafu lete inayofuata: mfereji wa Suez uliachwa wazi, meli za Italia zikapita na askari na silaha. Kila aya iwe na hoja moja, ushahidi wake, na sentensi inayoirudisha kwenye swali. Kwenye ile ya alama 20 lazima pia useme sababu ipi ilikuwa na uzito kuliko nyingine, na uitetee.

Karatasi ya nne ni insha tena, mbili za alama 30. Ya tatu ndiyo ngeni. Unapewa kipande kilichoandikwa na mwanahistoria, tuseme kuhusu chanzo cha Vita Baridi, ueleze yeye anaamini nini na umeliona wapi hilo katika maneno yake. Ukianza kumwaga unachojua kuhusu Stalin, umepotea.

Jambo moja litakuudhi. Kenya hutaikuta kama mada ya peke yake. Machaguo ni Ulaya, Marekani, au historia ya kimataifa, na shule ndiyo huamua, si wewe. Ukiweza kupata ya kimataifa ipiganie, kwa sababu inaanza 1870 na kinyang'anyiro cha Afrika kimo. Mambo ya hali ya hatari ya 1952, wakati wa Mau Mau, itabidi ujisomee. Jumba la Nyaraka la Taifa pale Moi Avenue lina mafaili ya serikali ya kikoloni, na hakuna mazoezi mazuri ya hati kuliko hayo: nani aliandika, kwa nani, siku gani, na nini alikinyamazia.

Kuhusu masomo mengine mawili, usiweke Historia pamoja na Fasihi ya Kiingereza na Sosholojia. Utaandika insha tatu kila wiki na zote zitakuwa nusunusu. Weka moja isiyo ya insha. Hisabati, hata kama unaikunjia uso.

Kabla ya kujaza fomu muulize mwalimu mambo mawili: wanafundisha chaguo lipi, na insha zinasahihishwa mara ngapi kwa muhula. Akisema mbili au tatu, nipigie simu kwanza.

Mama yako