Maji ya chini ya parseli ni ya nani?

Jirani alitoboa foraji (kisima kirefu cha bomba), akatia pompe ya umeme, sasa anauza maji kwa bidoni. Tangu mwezi wa nane kisima changu cha meta 14 kina maji kidogo asubuhi; saa sita ni tope tu. Anasema: "Maji iko chini ya parseli yangu." Naweza kumshtaki? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

Mama, maneno yake hayana msingi, ila hata wewe maji si yako. Hati ya parseli inakupa haki juu ya ardhi. Maji, ya mto na ya chini, ni mali ya umma wa Serikali kwa Sheria ya maji ya Kongo, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Kuchota ya nyumbani ni jambo moja, kuuza ni lingine: ulizia karatasi yake ya ruhusa.

Lakini kukosa karatasi hakuonyeshi kwamba yeye ndiye anayekukaushia kisima. Ili akulipe, kifungu cha 258 cha Kodi Sivili (mkusanyo wa sheria za raia), kitabu cha tatu, kinataka kosa lake, hasara yako, na kwamba hilo kosa ndilo lililoleta hasara. Hapo ni pagumu, maana mwezi wa nane ni katikati ya kiangazi, na maji ya chini hushuka yenyewe mpaka mvua zirudi.

Basi pima. Funga jiwe kwenye kamba, pima toka ukingo hadi uso wa maji: kabla hajawasha pompe, baada ya muda wa saa mbili, kisha akishazima. Andika tarehe na saa, wiki nzima. Pompe ikivuta, maji ya chini yaliyo karibu huinama kuifuata. Yakishuka ikiwaka na kupanda ikizimwa, ushahidi unao. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme kutwa na yeye hana jenereta, usiiache siku hiyo ipite bure: hakuna kipimo kizuri zaidi. Namba zisipogeuka, pesa ya avoka (wakili) itumie kuchimbisha kisima.

Zikigeuka, mwite shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) aone na aandike proses-verbo, yaani hati ya alichokiona. Kabla ya tribinali ya amani, afadhali mkataba wa maandishi: avute kwa vipindi, apumzishe, au akupe bidoni kadhaa kila siku.

Maji ya Kafubu yamegeuka rangi chini ya kiwanda cha madini, mboga zinaungua. Tuanzie wapi? (Walima bustani)

Kifungu cha 285 bis cha Kodi ya Madini (sheria ya migodi), kilichoongezwa 2018, kinamtaka mwenye haki ya madini alipe hasara hata bila kosa. Asiye na haki hiyo, mnarudi kwenye kifungu cha 258 cha Kodi Sivili. Chukueni maji mto unakotoka kabla ya bomba la kiwanda, na unakoteremkia baada yake, siku moja, mbele ya shahidi; suuzeni chupa mara tatu kwa maji yaleyale. Chupa ya chini peke yake haifai: watasema mto ulikuja hivyo.

Maji ya mvua ya parseli ya juu yanaingia kwangu. (Kijana wa Kampemba)

Yakiteremka yenyewe, sheria ya ardhi ya 1973 inakutaka uyapokee. Akiwa ameyaelekeza kwako kwa bomba au mfereji, huna lazima hiyo. Piga picha ya mfereji kabla hajaufukia.