"Safu ya ushambuliaji" isiyoshambulia

SWALI: Naandaa maelezo ya futiboli ya Kimarekani kwa wasikilizaji wa Kiswahili, na mfano wangu ni Los Angeles Chargers, timu ya ligi kuu ya Marekani (NFL), ya mwaka 2024. Nimeandika: "Baada ya rasimu, safu ya ushambuliaji inayoanza itakuwa Slater, Johnson, Bozeman, Pipkins ambaye amehama, na Alt." Mwenzangu anasema sentensi haieleweki. Kosa liko wapi?

JIBU: Sarufi haina doa kubwa. Tatizo ni kwamba maneno uliyochukua yana wenyewe tayari. "Safu ya ushambuliaji" ni ya mastraika na mawinga, "rasimu" ni ya katiba na miswada, na "amehama", kwa mfuatiliaji wa habari za usajili, maana yake ameondoka klabuni.

Tuanze na safu. Aliyezoea habari za Simba au Gor Mahia akikuta "safu ya ushambuliaji" anatafuta nani atafunga. Watu hawa watano hawafungi. Kwa kawaida hawaruhusiwi hata kupokea pasi ya mbele. Kazi yao ni kumkinga kwotabeki, yaani anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, asifikiwe na kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Basi jina litoke kwenye kazi: waite wakingaji, na safu yao iwe safu ya wakingaji. "Safu ya ulinzi" isikushawishi, maana hiyo ni ya timu isiyo na mpira. Ukiitumia hapa utakuwa umeipa jina moja mistari miwili inayogongana.

Ukishakuwa na "mkingaji", nafasi zote tano unazipata kwa mtindo uleule wa "beki wa kati" na "winga wa kulia": mkingaji wa nje kushoto, wa ndani kushoto, wa kati, wa ndani kulia, wa nje kulia. Kushoto ni kushoto kwa kwotabeki anayesimama nyuma yao; liseme mapema, mara moja tu. Na usimwite yule wa nje "mkabaji" ati kwa kuwa jina lake la Kiingereza, "tackle", linakukumbusha kukabana. Kukaba ni kazi ya wapinzani. Yeye akimshika mpinzani na kumzuia kwa mikono anarushiwa bendera ya adhabu, na timu yake inarudishwa yadi 10.

"Rasimu" kwa "draft" ya Kiingereza ni kosa la kufungua kamusi na kuchukua neno la kwanza. Usikimbilie "drafti" pia, huo ni mchezo wa kete wa vijiweni. Kinachofanyika kila Aprili ni kwamba timu 32 zinapeana zamu, raundi 7, kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni. Huo ni uteuzi. Si usajili bado, kwa sababu timu inachopata siku ile ni haki ya kuzungumza mkataba na mchezaji huyo bila kushindana na timu nyingine. Tofauti hii unaihitaji ndani ya orodha yako mwenyewe: Joe Alt aliteuliwa, wa 5 kwa jumla, kutoka chuo cha Notre Dame, Bradley Bozeman alisajiliwa akiwa mchezaji huru. Ukisema wote "wamesajiliwa", msikilizaji hatajua nani ametoka chuoni na nani ana miaka kwenye ligi.

Sasa "amehama", na hapa ndipo Kiswahili kinapokupa zaidi ya ulichoomba. Alt alicheza nje kushoto chuoni. Chargers nafasi hiyo ilikuwa na Rashawn Slater. Kwa hiyo Alt akapelekwa nje kulia, na Trey Pipkins aliyekuwa hapo akasogezwa ndani. Zion Johnson akabaki ndani kushoto. Ukisema "Pipkins amehama", nitauliza amekwenda timu gani. "Amehamia ndani" inaonyesha mahali, ila inasikika kama uamuzi wake. "Amehamishiwa ndani" inabeba yote: mahali, na kwamba kuna kocha aliyeamua. Silabi mbili zaidi zinamaliza kazi ya sentensi nzima.

Usiipite haraka hatua hiyo, kwani makadirio mengi ya safu huharibikia papo hapo. Mwandishi huchukua nafasi ya chuoni na kuibandika kwenye timu mpya. Mkingaji wa nje kushoto kwa kawaida husimama mguu wa kushoto ukiwa nyuma. Akipelekwa kulia, miguu na mikono vyote vinageuka, na mwili unahitaji muda. Mwaka huohuo JC Latham, aliyecheza nje kulia chuo cha Alabama, aliteuliwa wa 7 na Tennessee Titans, akahamishiwa kushoto.

Kuhusu "itakuwa": kiambishi -ta- kinatoa ahadi, na mwezi Aprili hakuna wa kuahidi. Kambi ya mazoezi ni Julai na Agosti. Waandishi wetu wa michezo wana usemi mzuri tayari, "anatarajiwa kuanza". Kwa nafasi yenye ushindani sema "huenda akaanza". "Utabiri" una harufu ya mganga, na "ubashiri" umeshachukuliwa na watu wa kubeti. Epuka pia "mchezaji anayeanza", maana anasikika kama mwanagenzi, sema "atakayeanza".

Majeraha yanahitaji masharti, na masharti yana ngazi. Kabla ya tukio: "Slater akiumia, Alt atahamishiwa kushoto." Likionekana la mbali: "Slater angeumia, Alt angehamishiwa kushoto." Agosti 2025 Slater alichanika kano ya goti mazoezini, na Alt akahamishiwa kushoto kweli. Kwa hiyo leo unasema: "Slater asingaliumia, Alt angalibaki kulia." Wengi siku hizi hutumia -nge- kwa yote, katika habari za majeraha mimi ningeitunza -ngali-, kwa kuwa inamwambia msikilizaji kwamba jambo limekwisha kupita.

Sentensi yako basi: "Baada ya uteuzi wa 2024, safu ya wakingaji ya Chargers inayotarajiwa kuanza, kutoka kushoto kwenda kulia, ni Slater, Johnson, Bozeman, Pipkins aliyehamishiwa ndani, na Alt." Kisha ongeza watatu wa akiba, akiwemo anayeweza kukinga nje pande zote mbili na anayeweza kusimama kati. Kanuni za NFL zinairuhusu timu kuwa na wachezaji 48 siku ya mechi ikiwa angalau 8 ni wakingaji. Wakipungua hapo, ni 47.