Maswali yenu kuhusu umeme: megawati zipo Rufiji, taa zinafifia Kasulu

SWALI: Wahariri, shikamooni. Tunasikia nchi ina gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, makaa ya mawe, jua tele, na sasa Bwawa la Nyerere. Mbona huku ikifika saa mbili usiku taa zinafifia na friji inaunguruma bila kupoza? (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Marahaba. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Shida yako haianzii kwenye kuzalisha, inaanzia njiani. Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na gridi ya Taifa ilianza kuingia mkoani mwaka 2022 kupitia Nyakanazi. Njia ndefu ya kilovolti 33 kama hiyo hupoteza umeme kwa namna ya kutisha: mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara kwenye waya huongezeka mara nne. Ndiyo maana saa mbili usiku, kila nyumba imewasha, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Na pasipokuwa na njia ya pili, mti mmoja ukiangukia waya wakati wa mvua, wilaya nzima iko gizani.

Sisi tunaona fedha sasa ielekee kwenye njia za kilovolti 132 na 400, vituo vya kupoza umeme, na mitambo iliyo karibu na watumiaji. Mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi, mkoani Kigoma, megawati 49.5 tu, ni mdogo ukiulinganisha na Rufiji, lakini kwa volti za Kigoma una uzito mkubwa, kwa sababu umeme wake hausafiri mbali.

Nyumbani, fanya hivi. Mwite fundi mwenye mita apime volti saa tano asubuhi na saa mbili usiku, kwenye swichi kuu na kwenye soketi, jiko au pasi ikiwa imewashwa. Kawaida ni 230. Swichi kuu ikisoma 225 na soketi 205, kosa ni la nyumba: kiungio kimelegea, au soketi zimefungwa waya wa milimita za mraba 1.5 badala ya 2.5. Swichi kuu yenyewe ikisoma 180, kosa liko nje: transfoma imezidiwa, nyumba yako iko mbali nayo, au fezi moja (mojawapo ya nyaya tatu za umeme zinazotoka kwenye transfoma) imebebeshwa nyumba nyingi kuliko nyingine mbili. Waulize majirani, wa fezi nyingine wakiwa na mwanga mzuri, jibu umelipata. Peleka TANESCO malalamiko ya maandishi yenye tarehe, saa na volti. Kuhamisha wateja fezi au kurekebisha transfoma ni kazi yao peke yao, usimruhusu fundi wa mtaani kupanda nguzo.

Friji izime volti zikishuka chini ya 207. Kompresa ikishindwa kuanza huvuta mkondo mkubwa, hupata joto, na mwisho koili zake huungua. Nunua kilinda friji kinachokata chenyewe na kusubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kurudisha umeme.

SWALI: Mimi ni mama lishe hapa Isevya, Tabora. Maharage nipikie umeme au niendelee na mkaa?

JIBU: Mama, kwa maharage chukua jiko la presha la umeme. Kilo moja iliyolowekwa usiku kucha, maji lita mbili na nusu, sufuria ya lita nane isiyojazwa kupita nusu, hutumia nusu yuniti hadi robo tatu. Mteja wa T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa yuniti. Ukiongeza kodi ya VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Basi ni shilingi 180 hadi 270. Mkaa wako upime kwa mizani kabla na baada ya kupika, zidisha kwa bei ya kilo, ulinganishe mwenyewe.

Angalia mambo matatu. Mpira wa mfuniko ukichakaa mvuke unatoroka na yuniti zinaliwa. Valvu ioshe kila siku, maganda huiziba. Na volti zikiwa 180, jiko la wati 1,000 linabaki na wati 610 hivi, kwa hiyo pika mchana. Ugali na chapati hilo jiko haliziwezi, hapo tumia gesi.

Tunasisitiza kwa sababu tanuri la kienyeji hula kilo nane hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa. Miti hiyo ni miombo ileile inayowapa nyuki wa Tabora maua.

SWALI: Betri yangu ya sola, volti 12 Ah 100, imekufa kabla ya mwaka. Paneli ni wati 50. Natumia TV ya wati 40 na taa nne za wati 5, saa tano kila usiku. (Msomaji, Nguruka)

JIBU: Unatumia wati-saa 300. Paneli yako, kwa saa tano za jua kali na hasara ya asilimia 30, inarudisha 175. Betri haijawahi kujaa, na betri ya risasi isiyojaa hujenga ukoko kwenye sahani zake. Weka paneli ya wati 120 au zaidi, iielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, na ifute vumbi kila wiki wakati wa kiangazi. TV ipitishe kwenye kontrola (kidhibiti chaji cha sola), usiiunge moja kwa moja kwenye betri. Asubuhi kabla jua halijachomoza, vitu vyote vikiwa vimezimwa, betri isisome chini ya volti 12.1.