Kabla hujanunua peni ya fedha iliyofukuliwa

Ukiishi Uingereza na ukaanza kupenda sarafu za kale, hutachelewa kuuziwa peni ya mfalme Edward wa Kwanza. Zipo nyingi, na kwa umri wake bei si ya kutisha. Miaka hii ninayokusanya, swali langu la kwanza kwa muuzaji limebaki lilelile: imetoka wapi?

Lakini ishike kwanza, kwa kingo tu. Mbele kuna uso wa mfalme mwenye taji, nyuma msalaba mrefu, vitone vitatu katika kila pembe, na jina la mji ilikotengenezwa, kwa mfano CIVITAS LONDON. Sarafu hizi ziligongwa kwa mkono. Fundi aliweka kibati cha fedha juu ya muhuri uliosimikwa kwenye gogo, akashika muhuri wa pili juu yake, akapiga nyundo. Ndiyo maana picha imekaa upande, na herufi zimekolea hapa zikafifia pale. Mimi kasoro hizo huzifurahia, kwa sababu hakuna peni mbili zinazolingana kabisa. Ukiona wauzaji wawili wana peni zenye ufa palepale na herufi zilezile zilizofifia, jua ni bandia, zimemiminwa kwenye kalibu moja. Achana nazo.

Beba mizani ndogo. Tangu 1279 peni ilikuwa na gramu 1.4 hivi. Ikipungua kidogo usiikatae papo hapo. Watu walikuwa wakiiba fedha kwa kukata kingo.

Sasa turudi kwenye asili yake. Kwa Sheria ya Hazina ya 1996, sarafu mbili au zaidi za fedha zilizopatikana pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, lazima ziripotiwe ndani ya siku 14. Makumbusho yasipozihitaji hurudishwa, na zinaweza kuuzwa zikiwa na maelezo ya hazina yake, yaani fungu la sarafu lililofukiwa pamoja. Maelezo hayo yadai! Sarafu changa kuliko zote ndiyo inayoonyesha hazina haikufukiwa kabla ya mwaka gani. Zikitawanywa kimyakimya, ushahidi huo umepotea. Pemba, sarafu zaidi ya 2,000 za fedha za Mtambwe Mkuu, zilizopatikana 1984, zimetufundisha mengi kwa kuwa zilisomwa pamoja.

Ukishainunua, usiisugue kwa dawa ya meno wala majivu. Weusi unaoifunika fedha ya kale hauiharibu. Kuisugua ndiko kunakokwangua herufi. Iweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, pamoja na kile kikaratasi cha maelezo.