Upinde mfupi wa mti: pima mvuto kabla ya kulipa

Ndugu wa Pongwe, umeuliza kama upinde wa mti mtupu wa sentimita 120 utakufaa, na mvuto wako, yaani umbali unaovuta kamba hadi mwisho, ni sentimita 65. Hautakufaa. Mti usiotiwa mishipa ya mnyama mgongoni, upande unaoelekea shabaha, unataka urefu zaidi ya mara mbili ya mvuto, kwako si chini ya 145. Ukilazimisha huo wa 120, mwisho wa mvuto unakuwa mzito ghafla, upote (kamba ya upinde) unabana vidole, na siku moja mti unakatika usoni. Ukiupenda kwa ufupi wake porini, basi mvuto wako uishie sentimita 50.

Kabla ya kulipa, uvute polepole mwenzako akitazama: mikono yote miwili ya upinde, juu na chini ya mshiko, ipinde sawasawa, isiwe mmoja umelala na mwingine umekakamaa. Pitisha kucha upande wa tumbo, ule unaokuelekea ukivuta. Ikikwama kwenye mikunjo myembamba inayokatiza mti, mrudishie mwenyewe. Uzito wa kuvuta upime kwa mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki. Kilo 9 hadi 14 zinamtosha anayeanza.

Ukivuta, usiuachie upote kamwe bila mshale, maana nguvu yote inarudi kwenye mti. Ukimaliza, legeza upote. Na unyevu wa huku pwani ni adui: paka mafuta, ulaze juu ya vigingi viwili, usiuegemeze ukutani.

Kibali cha uwindaji kaulizie kwanza ofisi ya wanyamapori. Bila hicho, piga gunia la makumbi.