Nakili Diski Kwanza, Usakinishe Baadaye: Katalogi ya Vipuri kwenye Kompyuta ya Stoo

Ninatunza stoo ya vipuri ya gereji moja hapa Arusha, upande wa Njiro, ambako kazi kubwa ni magari yanayopeleka watalii Serengeti na Ngorongoro, na kazi ndogo ndogo za kujazia siku ni Ist na Noah za watu wa mjini. Mezani pangu pana kompyuta moja ya zamani, na ndani yake mna katalogi ya vipuri iliyotoka kwenye diski, ambayo bado ninaitegemea kila siku kwa sababu magari mengi tunayoyatengeneza ni ya zamani kuliko intaneti yetu, na kwa sababu intaneti yenyewe ina siku zake za kugoma.

Mara ya kwanza niliisakinisha kama wafanyavyo wengi. Nilitumbukiza diski, nikakubali kila swali nililoulizwa na programu bila kulisoma, kisha nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilikuta katalogi inafunguka, nikaridhika. Nisichokijua ni kwamba programu ilikuwa imeweka kwenye kompyuta kipande chake kidogo tu, yaani dirisha la kutafutia, huku picha na namba zote zikiendelea kusomwa kutoka kwenye diski kila nilipoulizia kipuri. Diski ile ilizunguka humo ndani zaidi ya mwaka mzima, ikitolewa na kurudishwa kwa mikono yenye grisi, katika stoo ambayo vumbi la kiangazi huingia hata madirisha yakiwa yamefungwa.

Mwezi Julai, magari yakiwa hayapumziki, fundi wetu mmoja mtu mzima alikuja na bushi ya springi ya nyuma iliyolika upande mmoja, akaniwekea mezani. "Mwanangu, nitafutie namba ya hii, gari linatoka alfajiri." Gari lilikuwa Land Cruiser ya toleo la HZJ79. Nilifungua ukurasa wa springi za nyuma, picha ikaanza kushuka taratibu kama pazia, ikafika katikati ikaganda, na kisomaji cha diski kikaanza kukoroma. Nilijaribu mara nne. Mwishowe nikachukua namba ya bushi ya HZJ75, ambayo ukurasa wake ulifunguka, nikijipa moyo kwamba springi ni springi. Nilisahau kwamba mwaka 1999 familia hiyo ya magari ilibadilishiwa springi, na HZJ78 na HZJ79 hazikurithi kila kitu cha ndugu yao aliyetangulia. Bushi ililetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, haikukaa, gari likalala uani na bosi akakodi jingine kwa wageni. Fundi yule hakunilaumu kwa neno lolote, jambo ambalo lilinisumbua kuliko kama angenilaumu.

Tangu siku hiyo sisakinishi katalogi yoyote moja kwa moja kutoka kwenye diski. Huinakili kwanza diski nzima kwenye kompyuta, kisha husakinisha kutoka kwenye nakala hiyo, na diski yenyewe huifungia kabatini.

Kunakili kuna njia mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Njia ya kwanza ni kufungua diski, kuchagua mafaili yote na kuyabandika kwenye folda. Ni rahisi, na kwa baadhi ya katalogi inatosha. Tatizo ni kwamba programu nyingi za zamani huulizia jina la diski kabla ya kufunguka, na jina hilo halimo ndani ya faili lolote, kwa hiyo folda yako inaweza kuwa na kila kitu na bado programu ikakuamuru uingize diski namba moja. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza, ni kutengeneza faili moja la ISO, ambalo ni picha kamili ya diski pamoja na jina lake. Kuanzia Windows 8, ukibofya faili hilo mara mbili kompyuta hulichukulia kama diski halisi iliyoingizwa, na kwa Windows 7 utahitaji programu ndogo ya kuigiza kisomaji cha diski.

Kabla ya kunakili, safisha diski kwa kitambaa laini cha pamba, ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, wala si kwa kuzungusha kama anayefuta sahani. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta taarifa nyingi zilizo mfululizo, lakini unaokatiza hukiachia kisomaji cha diski nafasi ya kujirekebisha. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwenye CD tabaka lenye taarifa liko karibu sana na upande wa juu, ule wenye maandishi, kwa hiyo anayeandika jina la diski kwa kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu huenda anaiua kwa mkono wake. DVD ina nafuu kidogo kwa sababu tabaka lake limefunikwa na plastiki pande zote mbili.

Diski ikiwa imeshachubuka, usitumie njia ya kawaida ya kunakili, kwani Windows ikikwama kwenye faili moja inaweza kukuachia kazi nusu bila orodha ya kilichobaki. Tumia amri ya robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tayari. Unaiagiza ijaribu kila faili gumu mara mbili au tatu kisha iendelee na mengine, na mwishoni ikuandikie orodha ya yaliyoshindikana. Mafaili hayo machache unaweza kuyajaribu kwenye kisomaji cha kompyuta nyingine. Mimi niliyaokoa karibu yote kwa kuazima kompyuta ya jirani anayetoa fotokopi, kwa sababu kisomaji chake kilikuwa bado kizima.

Ukitaka kubeba nakala kwenye flashi utakutana na kikwazo kilichonipotezea mchana mzima. DVD ya kawaida huchukua hadi gigabaiti 4.7, na flashi nyingi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Flashi yangu ilikuwa ya gigabaiti 16, tupu kabisa, na bado kompyuta ikasisitiza kwamba faili ni kubwa mno. Nilirudi dukani kumlalamikia kijana aliyeniuzia, naye alikuwa hana kosa. Dawa ni kuipanga upya flashi kwa mfumo wa exFAT au NTFS, ukikumbuka kwamba kuipanga upya kunafuta kila kilichomo.

Sasa kusakinisha. Programu ikikupa uchaguzi kati ya usakinishaji mdogo na ule kamili, chagua kamili, hata kama utakula nusu saa na nafasi kubwa ya diski kuu. Usiiweke kwenye folda ya kawaida ya programu za Windows, kwa sababu katalogi za zamani hupenda kuandika kumbukumbu zake humo humo zilimowekwa, na Windows za sasa huzuia jambo hilo. Itengenezee folda yake moja kwa moja kwenye C. Kama katalogi haina usakinishaji kamili, itaendelea kuitafuta diski kwa herufi ile ile ya siku ya kwanza, D au E, kwa hiyo hakikisha faili la ISO linapata herufi hiyo kila mara unapowasha kompyuta. Kwa wale walionakili kwenye folda, amri ya subst huipa folda herufi kana kwamba ni diski, ila hupotea kompyuta ikizimwa, na kwetu umeme unavyokatika ni bora amri hiyo uiweke ijiendeshe yenyewe wakati wa kuwaka.

Ukiambiwa kwamba programu haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako kabisa, mara nyingi sababu ni kwamba kisakinishi chake kiliandikwa kwa ajili ya Windows za zamani za biti 16, na Windows ya biti 64 haikipokei. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo hapo usibishane nayo. Ama tunza kompyuta kuukuu yenye Windows ya biti 32, ama sakinisha VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, na kuweka Windows ya zamani ndani yake. Mimi nina kompyuta kuukuu, na nimeizuia kabisa isiguse intaneti.

Kuna swali la katalogi ipi. Gari lililotumika Japani, kama Ist ya NCP60, linatafutwa kwenye katalogi ya soko la Japani kwa namba yake fupi ya chasisi, lakini gari lililoletwa jipya kwa ajili ya Afrika liko kwenye katalogi ya jumla. Ukiona maandishi ya katalogi ya Kijapani yamekuwa visanduku na alama zisizosomeka, badilisha lugha ya programu zisizo za Unicode (yaani zisizotumia mfumo wa kisasa wa herufi za lugha zote) kwenye mipangilio ya Windows iwe Kijapani, kisha washa upya.

Na usinielewe vibaya kuhusu neno kunakili. Programu hizi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na leseni ya diski ndiyo inayosema unaruhusiwa nini. Ninachozungumzia ni nakala ya tahadhari ya diski uliyoinunua, ikiwa leseni inaruhusu, kwa kompyuta yako. Gereji za jirani huniomba niwapatie, nami huwajibu waniletee namba za chasisi niwatafutie.

Nikimaliza kusakinisha, huitoa diski, huzima kompyuta, huiwasha tena, kisha hufungua kurasa tatu za magari ninayoyajua kwa mkono. Huanza na springi za nyuma za HZJ79. Halafu hutafuta pedi za breki za mbele za Ist, ambazo najua namba yake lazima ianze na 04465, na mwisho chujio la hewa, linaloanza na 17801. Zikifunguka zote tatu mpaka chini, ndipo ninapoirudisha diski kwenye bahasha yake na kufunga kabati.