Maswali ya Wasomaji: Mwajiri Ananilipia Bima, Kwa Nini Nikatwe Tena?

SWALI: Mhariri, mimi ni mhasibu katika kiwanda kimoja mjini Thika. Mwajiri ametuchukulia bima ya kampuni binafsi inayonihudumia mimi, mke wangu na watoto wetu, na kwa miaka mingi hatujatibiwa katika hospitali ya serikali. Hata hivyo, tangu Oktoba 2024 mshahara wangu wa shilingi 100,000 hukatwa shilingi 2,750 za SHIF, yaani Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, kila mwezi, ilhali zamani NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya uliotangulia, ilikuwa ikichukua 1,700. Je, si haki mwenye bima ya kazini aruhusiwe kujitoa?
Msomaji, Thika

JIBU: Ndugu msomaji, Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 haikuacha mlango wa kujitoa. Kila mkazi wa Kenya anatakiwa kujisajili, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila kikomo cha juu, kiasi kwamba anayelipwa 500,000 hutoa 13,750. Kwa kuwa wewe ni mhasibu, huenda umekwisha kuona kwamba tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango huo huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa; kwa mshahara wako, ambao sehemu yake ya juu hutozwa kodi ya asilimia 30, unaokoa takriban shilingi 825, na mzigo halisi unabaki kama 1,925.

Hiyo ni sheria. Suala la haki ni pana zaidi. Bima ya kazini hudumu kadiri ajira inavyodumu. Mwajiri huihesabu kuwa sehemu ya gharama ya kukuajiri, kwa hiyo kwa namna fulani ni ujira wako uliolipwa kwa njia nyingine, na siku utakapopewa barua ya kupunguzwa kazi au utakapostaafu, itakatika hata kama mmoja wenu nyumbani anasafishwa figo kila wiki. Tena ustaafu humfika mtu katika umri ambao maradhi ya moyo, sukari na shinikizo la damu ndiyo huanza kumwandama, na katika umri huo bima binafsi huwa ghali mno au yenye masharti mengi. Iwapo vijana wenye afya na mishahara mizuri wataruhusiwa kujitoa leo, mfuko wa umma utabakiwa na wazee na wagonjwa peke yao, na wewe mwenyewe utaukuta mtupu utakapouhitaji.

Marekani inaonyesha mwisho wa njia hiyo ya kutegemea bima ya kazini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipodhibiti mishahara kuanzia 1942, waajiri waliwavutia wafanyakazi kwa marupurupu kama bima ya matibabu, na sheria ya kodi ya 1954 ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri hautozwi kodi. Rais Truman alikuwa amependekeza bima ya taifa zima mwaka 1945, lakini pendekezo lake lilipingwa vikali, hasa na chama cha madaktari, likashindwa. Wazee na maskini walisubiri hadi 1965 kupata mipango yao. Hadi leo, Mmarekani anayepoteza kazi katika kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi anaweza kwa kawaida kuendelea na bima ile ile kwa miezi 18, ila alipe mwenyewe ada nzima pamoja na asilimia 2 juu yake, na wastani wa ada hiyo kwa familia mwaka 2024 ulizidi dola 25,000. Si ajabu kwamba wako wanaong'ang'ania kazi wasizozipenda kwa sababu ya mtoto mgonjwa.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo ningelalamikia kuliko wewe. Katika SHIF mwajiri wako hachangii chochote, ingawa katika ushuru wa nyumba huongeza asilimia 1.5 sawa na yako. Tanzania, mtumishi wa umma na mwajiri wake hutoa asilimia 3 kila mmoja, na Ujerumani pande hizo mbili zimekuwa zikichangia tangu 1883, na siku hizi mtu hapotezi bima anapopoteza kazi. Ikiwa zaidi ya wanane kati ya kila wafanyakazi kumi wa Kenya wamo katika sekta isiyo rasmi, ambako makato ni magumu kukusanya, basi mwenye hati ya mshahara ndiye anayefikiwa kwanza na kwa urahisi, na kumwachia mzigo huo peke yake ni uamuzi ambao Bunge linaweza kuurekebisha bila kuvunja mfumo wote.

Kwa sasa, uliza ofisi ya rasilimali watu kama bima yenu imepangwa ili SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, ilipe kwanza katika hospitali zenye mkataba nayo, kisha kampuni binafsi ijazie kilichobaki, kwa kuwa mpangilio huo unaweza kupunguza ada ambayo mwajiri hulipa kila mwaka. Hakikisha pia kwamba mke na watoto wamesajiliwa chini yako. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara hayamaanishi kwamba majina yao yamo.